Saa, Bendera na Haki: Uhakiki wa Kanuni za Mwisho wa Sataranji

Watu wengi hudhani kwamba uhakiki ni kazi ipasayo mashairi na hadithi tu. Lakini kanuni nazo ni maandishi. Zimetungwa na watu, zina maneno yaliyochaguliwa na maneno yaliyoachwa, na kila neno lina matokeo yake siku mtu atakapolitegemea. Ubaya wa shairi humchosha msomaji. Ubaya wa kanuni humnyima mtu haki yake. Kwa hiyo yafaa kanuni isomwe kwa jicho kali kuliko shairi. Katika kurasa hizi tutasoma kanuni chache za mchezo wa sataranji, zile zihusuzo dakika za mwisho, wakati kete zimebaki chache ubaoni na muda umebaki mdogo katika saa.

Nimezichagua hizi kwa kuwa ndizo ziletazo ugomvi mwingi katika mashindano madogo: ya shule kwa shule, ya vilabu, na ya mwisho wa juma katika kumbi za miji yetu. Mabingwa wa dunia wana saa bora na waamuzi tele. Wachezaji wa kawaida wana ukumbi unaotakiwa kufungwa jioni, saa zilizokusanywa huku na huku, na mwamuzi mmoja anayezunguka meza nyingi. Kanuni ni ile ile kwa wote, lakini uzito wake si mmoja mabegani mwa wote.

Kwanza yatupasa kujua jinsi saa ilivyoingia katika mchezo huu. Sataranji ni mchezo wa kale. Jina lake limetufikia kwa njia ya Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na asili yake ni Bara Hindi. Kwa karne nyingi ulichezwa bila kipimo cha muda, kama bao linavyochezwa barazani. Barazani anayekawia hupimwa kwa ndimi za watazamaji: humdhihaki mpaka akaona haya, akacheza. Lakini Ulaya ilipoanza kufanya mashindano makubwa mbele ya watu, haya peke yake haikutosha. Katika mashindano ya London ya mwaka 1851 hapakuwa na mpaka wa muda, na Howard Staunton, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa Uingereza, alimlalamikia Elijah Williams kwa ukawiaji wake. Mwaka 1861 Adolf Anderssen na Ignaz Kolisch walipopambana, muda wao ulipimwa kwa vyombo vya mchanga. Kisha katika mashindano ya London ya mwaka 1883 zikatumika saa mbili zilizounganishwa, moja ikitembea nyingine husimama. Chombo hicho kilibuniwa na Thomas Bright Wilson wa Manchester. Baadaye pakaongezwa kibendera kidogo kinachoinuliwa na mkono wa dakika unapokaribia juu, kikaanguka muda unapotimia. Siku hizi saa nyingi ni za umeme na huonyesha tarakimu, lakini usemi umebaki ule ule: muda ukimwishia mtu, twasema bendera yake imeanguka.

Tangu hapo muda umekuwa mali ya mchezaji, sawa na kete zake. Wote wawili hugawiwa sawasawa, na kila mmoja hutumia apendavyo. Aliyetumia dakika arobaini kutafuta shauri moja zuri amelinunua shauri hilo, na bei yake ni dakika arobaini. Aliyecheza upesi ameweka akiba, na akiba humsaidia aliyeiweka. Kwa hiyo si haki kumwita mwizi mtu ashindaye kwa sababu bendera ya mwenziwe imeanguka. Wahenga walisema kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, wala hawakumlaumu aliyemtangulia mchelewaji. Jambo hili lazima tulikubali mwanzo, maana wengi wa wanaolalamika juu ya saa hulalamika tu kwa kuwa wameshindwa. Swali letu si kama muda uwe na nguvu. Ni nguvu hiyo iishie wapi.

Kanuni ya kwanza katika jambo hili ni ya bendera yenyewe. Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, limeamua kwamba ambaye muda wake umekwisha kabla ya kutimiza hatua zinazotakiwa ameshindwa. Lakini limeweka mpaka mmoja: mchezo utakuwa sare ikiwa mpinzani hawezi kumfunga mfalme, yaani kumtisha mahali asipoweza kuokoka, kwa mfululizo wowote wa hatua halali. Neno zito hapa ni hilo "wowote." Kanuni haiulizi kama ushindi huo waelekea kutokea. Yauliza kama wawezekana hata kwa upumbavu wa ajabu wa yule atakayefungwa.

Tuchukue mfano ambao wanafunzi wa sataranji hufundishwa mapema. Mweupe ana mfalme na askari mmoja, naye yuko katika safu ya pembeni kabisa. Mweusi ana mfalme peke yake, na mfalme huyo amekwisha kukaa katika pembe ambayo askari yule ataka kufika ili ageuzwe malkia. Mchezo huu ni sare. Mweusi hutoka pembeni akaingia mraba wa jirani, kisha hurudi, na hakuna wa kumfukuza. Mweupe akimsogelea mno, Mweusi hukosa pa kwenda hali hajatishwa, na hapo kanuni husema ni sare. Bingwa wa dunia hawezi kushinda hapo akicheza na mtoto ajuaye jambo hilo.

Sasa tuweke saa mezani. Bendera ya Mweupe ikianguka ni sare, maana mfalme aliye peke yake hawezi kumfunga mtu. Bendera ya Mweusi ikianguka, Mweusi ameshindwa, maana yawezekana Mweusi aiache pembe bila sababu, askari afike, ageuke malkia, na mfalme afungwe. Ubaoni wawili hawa ni sawa. Katika saa mmoja yumo hatarini na mwenziwe hana hatari yoyote. Mweusi amefanya yote aliyopaswa kufanya na ameyajua yote aliyopaswa kujua, lakini hana sekunde za kuyaonyesha.

Ukali wa neno lile ulidhihirika mbele ya ulimwengu mwaka 2008, katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa wanawake yaliyofanyika Nalchik, nchini Urusi. Monika Socko wa Poland na Sabina Foisor wa Romania walifikia mchezo wa mwisho wa kuamua nani aendelee. Socko, aliyecheza na kete nyeupe, alihitaji ushindi. Foisor sare ilimtosha. Mwishowe kila mmoja alibaki na mfalme na farasi mmoja tu, na muda wa Foisor ukaisha. Kwanza ilitolewa hukumu ya sare, maana nani amewahi kuona mfalme akifungwa na farasi mmoja? Socko akakata rufani. Alisema kwamba mfalme aliye pembeni, akizibiwa njia na farasi wake mwenyewe, aweza kufungwa na farasi wa adui. Ni kweli, jambo hilo laweza kupangwa ubaoni, ingawa mtu hawezi kulazimishwa kulifikia. Rufani ikakubaliwa, na Socko akaendelea.

Kwa maneno ya kanuni hukumu ile ilikuwa sahihi, wala Socko hakufanya kosa kuidai haki aliyopewa na kanuni. Hapa ndipo twaona sifa na ila ya kanuni hii kwa pamoja. Sifa yake ni uwazi. Mwamuzi hahitaji kuwa bingwa, wala hahitaji kukisia mioyo ya wachezaji. Atazama kete zilizobaki, ajiulize swali moja, apate jibu moja. Ila yake ni kwamba hukihesabu kisichotokea kana kwamba chaweza kutokea. Ina uwazi mwingi na huruma kidogo.

Watunga kanuni waliiona ila hiyo, wakaongeza kanuni ya pili ili kuipunguza makali. Kanuni hiyo sasa imo katika miongozo iliyowekwa nyuma ya kanuni kuu. Hutumika katika michezo ya muda mrefu na ya muda wa kati isiyo na nyongeza ya sekunde, na hutumika tu ikiwa imetangazwa kabla ya mashindano. Yasema hivi kwa ufupi: mchezaji ambaye ni zamu yake, na aliyebakiwa na muda usiofika dakika 2, aweza kusimamisha saa, amwite mwamuzi, na kudai sare kabla bendera yake haijaanguka. Sababu za kudai ni mbili: ama mpinzani hawezi kushinda kwa njia za kawaida, ama mpinzani hafanyi juhudi ya kushinda kwa njia za kawaida. Mwamuzi aweza kukubali, aweza kukataa, au aweza kungoja na kutazama huku mchezo ukiendelea. Akikataa, mpinzani huongezewa dakika 2. Akiamua kungoja, aweza kumwongezea kiasi hicho hicho. Uamuzi wake katika dai hilo ni wa mwisho.

Nia ya kanuni hii ni njema. Yamwokoa yule mfalme wa pembeni tuliyemwona. Lakini yatuletea neno gumu kuliko lile la kwanza: "kawaida." Kawaida ya nani? Ngome moja kwa ngome moja, pasipo askari, ni sare kwa mabingwa, nao hupeana mikono mara moja. Kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza wenye sekunde thelathini, ngome hupotea kwa kufumba na kufumbua. Je, anayeendelea kucheza hapo atafuta ushindi kwa njia za kawaida, au awinda bendera? Tena tazama ngome na askofu dhidi ya ngome. Vitabu husema kwamba mara nyingi ni sare, lakini ulinzi wake ni mgumu hata mabingwa wameshindwa humo. Mwenye askofu ana haki kamili ya kujaribu. Waamuzi wawili waaminifu, wakiulizwa juu ya ubao huo huo, huenda wakatoa hukumu mbili zilizo mbalimbali, na kila mmoja akawa na hoja.

Wamarekani walijaribu kulitibu neno hilo. Kwa miaka mingi shirikisho lao lilikuwa na kanuni iliyotaja kipimo: sare ikubaliwe ikiwa mchezaji wa daraja la kati, akicheza mahali hapo na bingwa, wote wakiwa na muda wa kutosha, angekuwa na hatari ndogo ya kushindwa, isiyofika asilimia 10. Hayo ni maendeleo, maana sasa twajua kawaida ni ya nani. Lakini bado mwamuzi alazimika kuwawaza watu wawili wasiokuwamo ukumbini, wacheze katika akili yake mchezo usiochezwa, kisha amhukumu kijana aliyemo ukumbini kwa matokeo ya mchezo huo wa mawazo.

Ugumu huo huzidi katika mashindano madogo. Aghalabu mwamuzi wetu ni mwalimu aliyejitolea. Huenda ujuzi wake wa sataranji ni mdogo kuliko wa wachezaji awahukumuo, na huenda mmoja wao ni mwanafunzi wake. Hata akihukumu kwa uadilifu kamili, aliyeshindwa haoni uadilifu huo, kwa sababu umefichika katika makisio. Mchezaji ambaye mfalme wake amefungwa huondoka amenyamaza, maana ubao umemwonyesha kosa lake. Mchezaji aliyenyimwa sare kwa maoni ya mtu huondoka na kinyongo, na pengine harudi tena.

Kanuni ya tatu ni ile ya hatua 50. Wachezaji wakitimiza hatua 50 kila mmoja bila kete kuliwa na bila askari kusogezwa, mchezaji ambaye ni zamu yake aweza kudai sare. Tangu mwaka 2014 imeongezwa nyingine: zikitimia hatua 75 kila mmoja, mchezo huwa sare hata pasipo dai la mtu, isipokuwa hatua ya mwisho yenyewe imemfunga mfalme. Kanuni hii nayo imepita katika majaribu. Katika miaka ya 1980 tarakilishi, kwa kazi ya Ken Thompson wa Marekani, zilionyesha kwamba ziko hali ambazo mwenye nguvu hushinda kwa hakika, lakini kwa hatua zaidi ya 50. Mathalani maaskofu wawili dhidi ya farasi mmoja huweza kuhitaji hatua 66. Kwa muda hali kadhaa zikapewa hatua zaidi. Mwaka 1992 FIDE ikarejea hatua 50 kwa hali zote. Naona walifanya vyema. Kanuni inayomtaka mtu akumbuke orodha ya hali na idadi zake haifai kwa mtu mwenye dakika moja.

Sifa ya kanuni ya hatua 50 ni kwamba haitaki maoni ya mtu. Yataka hesabu tu. Kijana na bingwa huhesabu sawa. Lakini isome pamoja na jirani yake, na hapo utaona ufa. Kanuni nyingine yasema kwamba katika mchezo usio na nyongeza ya sekunde 30 au zaidi kwa kila hatua, mchezaji mwenye chini ya dakika 5 halazimiki tena kuandika hatua zake. Msamaha huo ni wa busara, maana kuandika hula sekunde. Walakini hatua zisipoandikwa, ni nani atakayejua kwamba zimetimia 50? Kanuni yasema mwamuzi au msaidizi wake ajitahidi kuwapo na kuandika. Mwamuzi mmoja, mwenye meza ishirini ambazo zote zimefikia dakika za mwisho kwa pamoja, atakaa meza gani? Haki isiyo na ushahidi ni kama shamba lisilo na hati: mwenyewe ajua ni lake, lakini barazani hana la kuonyesha.

Basi tukizikusanya kanuni hizi tatu twaona kwamba ya kwanza humwuliza mwamuzi swali dogo mno, ya pili humwuliza swali kubwa mno, na ya tatu hudai ushahidi ambao kanuni nyingine imekwisha kumsamehe mtu asiutunze. Kila moja ina akili yake ikisomwa peke yake. Zikisomwa pamoja, zafanana na viraka vitatu juu ya nguo moja, na mwenye kuangalia hana budi kuuliza nguo ilichanikaje.

Jibu ni kwamba ilichanwa na saa. Saa ya zamani humpa mtu muda wake wote kwa mara moja, na ukiisha umekwisha, hata kama kilichobaki ni kumsogeza mfalme mraba mmoja na kumrudisha. Yule aliyebuni dawa iliyoenea zaidi hakuandika kiraka cha nne. Aligusa saa yenyewe. Bobby Fischer wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1972 hadi 1975, aliomba hataza ya saa ya namna mpya mwaka 1988, akaipata mwaka 1989. Mwaka 1992 saa ya namna hiyo ilitumika alipocheza tena na Boris Spassky huko Yugoslavia. Katika saa hii kila hatua humwongezea mchezaji sekunde kadhaa zilizopatanwa. Sekunde hizo ni chache, lakini haziishi maadamu mtu acheza upesi.

Fikiri jinsi jambo hili dogo linavyoyatibu yote matatu. Mfalme wa pembeni, akipata sekunde 10 kila mara, hana haja ya kumwita mwamuzi; atoka, arudi, atoka, arudi, na ujuzi wake wajitetea wenyewe. Mshambulizi naye hupewa nafasi ya kuonyesha alilojifunza. Kumfunga mfalme kwa ngome na mfalme huhitaji hatua zisizozidi 16, akicheza vizuri. Kwa askofu na farasi, kazi ambayo huwashinda wengi, hatua huweza kufika 33. Mtu mwenye dakika 2 bila nyongeza hapo ana chini ya sekunde 4 kwa kila hatua, na hesabu hiyo haimsamehei hata kusita mara moja. Na nyongeza ikiwa sekunde 30, wajibu wa kuandika haukomi, kwa hiyo hatua 50 zina ushahidi wake katika karatasi. Mwamuzi haulizwi tena mchezaji angeweza nini. Mchezaji mwenyewe hujibu, mbele ya macho ya wote.

Nyongeza haiondoi haraka. Sekunde 10 ni chache, na mwenye kuzitegemea hutokwa na jasho vile vile. Yule aliyepoteza akiba yake bado hulipa. Tofauti ni kwamba sasa hulipa kadiri ya deni lake: atacheza kwa shida, lakini atacheza, naye akishindwa atashindwa kwa kosa la mkono wake.

Watayarishaji wa mashindano madogo wana pingamizi mbili, nazo zastahili jibu. Ya kwanza ni kwamba kwa nyongeza hakuna ajuaye mzunguko utakwisha saa ngapi, na ukumbi una mwisho wake. Na tufanye hesabu. Kila mchezaji akipewa dakika 25 bila nyongeza, mchezo hauzidi dakika 50. Tumpe badala yake dakika 15 na sekunde 10 kwa kila hatua. Mchezo wa hatua 60 utampa kila mmoja dakika 10 za nyongeza, jumla 25, na mchezo hautazidi dakika 50 zile zile. Mchezo mrefu wa hatua 100, ambao ni nadra, utampa kila mmoja dakika 31 na sekunde 40. Kwa wawili ni dakika 63 na sekunde 20. Basi gharama yote ya haki, katika mchezo mrefu kama huo, ni dakika 13 na sekunde 20 za kungoja. Mtayarishaji awezaye kuweka robo saa ya mapumziko baina ya mizunguko amekwisha kuilipa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: saa za mishale haziwezi kuongeza sekunde, na saa za umeme hununuliwa kwa fedha ambazo shule nyingi hazina. Hapa miongozo ya FIDE yenyewe imefungua njia ambayo watayarishaji wengi hawaitumii. Mahali ambapo miongozo hiyo imetangazwa, mchezaji ambaye ni zamu yake na aliyebakiwa na chini ya dakika 2 aweza kuomba kwamba wote wawili waongezewe sekunde 5 kwa kila hatua. Ombi hilo huhesabiwa pia kuwa ni kumpa mwenziwe sare; akiikataa, na mwamuzi akikubali ombi, mpinzani hupewa dakika 2 zaidi, na mchezo huendelea kwa nyongeza. Kwa hiyo si lazima kila meza iwe na saa ya umeme. Shule yenye saa mbili tu za namna hiyo na iziweke kwenye meza ya mwamuzi, azipeleke panapotokea dai. Ni vyema mwamuzi apeleke saa kuliko kupeleka maoni.

Na mahali ambapo hata hizo mbili hazipo, bado uko wajibu usiogharimu senti. Kabla ya mzunguko wa kwanza, kanuni za mwisho wa mchezo zisomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mchezaji aifahamu: kama dai la dakika 2 laruhusiwa, ni nani atakayeamua, na ni kwa njia gani. Miongozo yatambua hata mashindano yasiyo na mwamuzi ukumbini: mchezo hukomea hapo dai linapotolewa, anayedai huandika mahali kete zilipo, mpinzani huhakikisha kwamba ameandika sawa, na hati hupelekwa kwa mwamuzi aliyeteuliwa. Akidai kwamba mpinzani hafanyi juhudi, sharti atoe pia karatasi yenye hatua zote zilizochezwa. Kanuni iliyosomwa asubuhi ni mali ya wote. Kanuni iliyofunuliwa jioni, baada ya ugomvi, huonekana kama imetungwa kwa ajili ya mmoja, hata kama ni ya zamani na ni ya haki.

Yabaki neno moja kwa wachezaji wenyewe, maana kanuni haimalizi wajibu wa mtu. Mwenye muda mdogo asingoje kuokolewa na mwamuzi. Na ajifunze miisho michache kwa moyo, kama ajifunzavyo jedwali la kuzidisha: mfalme wa pembeni, ngome kwa ngome, mfalme na askari mmoja. Tena akumbuke kwamba mara nyingine njia ya kuikimbia saa iko ubaoni. Ngome ikibadilishwa kwa ngome, wakabaki wafalme wawili tu, mchezo umekwisha papo hapo na bendera haina tena wa kumdai. Farasi aliyetolewa ili kumla askari wa mwisho wa adui, adui akabaki na mfalme na askofu tu, hakupotea bure, amenunua sare.

Na mwenye muda mwingi? Akiendelea kuzungusha ngome yake huku na huko, akiingojea bendera ya mwenziwe, kanuni haimkatazi mpaka mwamuzi aitwe, wala mimi simwiti mwizi. Lakini na ajiulize ameshinda nini. Ikiwa mwenziwe alikosea kwa haraka akapoteza kete, ushindi huo ni wa sataranji. Ikiwa mwenziwe hakukosea lolote, ila alikosa sekunde za kuendelea kutokosea, basi ushindi umeandikwa katika jedwali, nao ni halali. Ubao, ukiulizwa, ungesema jambo jingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Kanuni hizi tatu hazikutungwa na watu wabaya wala wajinga. Kila moja ilizibwa mahali nyingine ilipovuja. Ila yake kubwa ni kumweka mwamuzi aseme kwa niaba ya mchezaji jambo ambalo mchezaji angeweza kulisema mwenyewe kama angepewa sekunde chache. Kanuni njema, katika sataranji na katika mambo makubwa kuliko sataranji, ni ile impayo mtu nafasi ya kuonyesha alijualo kabla ya kuhukumiwa. Wanafunzi wa leo ndio watayarishaji na waamuzi wa kesho. Watakapowekewa mezani kitabu cha kanuni, wasikikariri tu, bali wakisome.